Njia ya Askari wa Ushuru: Pwani ya Cornwall kwa Miguu

Njia ya miguu inayozunguka rasi ya kusini-magharibi mwa Uingereza ina urefu wa kilomita 1,014. Huanzia Minehead, hupita mwambao wote wa Cornwall na kuishia kwenye mlango wa bandari ya Poole. Anayeimaliza huwa amepanda zaidi ya mita 35,000, vilima vyote vikijumlishwa. Ugumu huo una sababu yake. Msafiri mwenye haraka alipita bara, kwenye njia fupi zaidi. Njia hii ya ukingoni ilikuwa ya askari.

Katika karne ya 18 ushuru wa chai, brandi na tumbaku ulikuwa mzito, na magendo yakawa riziki ya vijiji vingi vya Cornwall. John Carter, aliyejulikana kama Mfalme wa Prussia, aliendesha biashara hiyo kwenye hori ambalo hadi leo linaitwa Prussia Cove. Mwaka 1822 serikali iliunganisha vikosi vyake vya kuzuia magendo kuwa kikosi kimoja cha walinzi wa pwani. Askari hao walipiga doria kwa miguu, na kwa kuwa mashua ingeweza kujificha kwenye hori lolote, iliwabidi wachungulie yote. Ndiyo sababu njia hung'ang'ania ukingo wa majabali, ikishuka hadi kwenye kila kijito na kupanda tena. Doria za miguu zilikoma mwaka 1913.

Kipande cha kutoka St Ives hadi Zennor, chini kidogo ya kilomita kumi na moja, kinaonyesha vizuri njia ilivyokuwa. Mtembeaji hupita juu ya mawe makubwa ya graniti, kisha kwenye tope linalomeza buti, na kwa siku nzima huenda asione nyumba yoyote karibu na njia. Zennor yenyewe ni kanisa, nyumba chache na baa ya Tinners Arms. Inasimuliwa kwamba baa hiyo ilijengwa mwaka 1271 kuwahifadhi mafundi wa kanisa. Ndani ya kanisa kuna benchi la zamani lililochongwa nguva mwenye kitana mkono mmoja na kioo mkono wa pili, na mbao zake zimelainika kwa mikono ya wageni.

Mwaka 1916 mwandishi D. H. Lawrence alifikia Tinners Arms pamoja na mkewe Frieda, kabla ya kupanga nyumba jirani. Frieda alikuwa Mjerumani, na vita vilikuwa vikiendelea. Macho yaliyowahi kutafuta mapipa ya brandi sasa yalitafuta nyambizi, na wawili hao wakashukiwa kuwapa ishara adui walioko baharini. Oktoba 1917 waliamriwa kuondoka Cornwall. Hakuna tukio linaloeleza vizuri zaidi ukali wa pwani hii kwa mgeni, pwani ambayo leo humpokea kila mwenye mkoba mgongoni.

Mbele ya Zennor njia hupita katikati ya migodi ya zamani ya bati na shaba. Mashimo ya mgodi wa Levant yalienda hadi chini ya bahari, na mwaka 1919 mtambo wa kuwapandisha wachimbaji ulikatika na kuua watu 31. Geevor, mgodi wa jirani, ulifungwa mwaka 1990 na sasa ni makumbusho.

Mousehole, kijiji cha wavuvi, nacho kina msiba wake. Usiku wa tarehe 19 Desemba 1981 mashua ya uokoaji ya kituo jirani cha Penlee ilitoka katika dhoruba kuifuata meli Union Star. Watu 16 walikufa, wanane kati yao wakiwa waokoaji. Mmoja wa hao wanane alikuwa Charles Greenhaugh, mwenye baa ya Ship Inn iliyo mbele ya bandari. Anayekunywa bia hapo hana budi kulijua jina hilo.

Njia iliyoachwa na askari ingeweza kufungwa na wenye mashamba. Lakini sheria ya mwaka 1949 iliruhusu kuanzishwa kwa njia ndefu za kitaifa. Sehemu ya Cornwall ilifunguliwa rasmi mwaka 1973, na ya mwisho, Somerset na kaskazini mwa Devon, mwaka 1978. Alama yake ni tunda la mwaloni lililochorwa kwenye nguzo. Nyumba nyingi za wavuvi zimegeuka kuwa za likizo, na baa zilizowanywesha wachimbaji zinategemea sana watembeaji. Tatizo lililobaki ni bahari, ambayo kila mwaka hula majabali. Sheria ya mwaka 2009, iliyoanzisha njia ya kuzunguka mwambao wote wa England, imeweka utaratibu unaoiwezesha njia kusogezwa bara pale ukingo unapoporomoka.