Kigwe Nilichosuka Nikingoja

Mke wa askari hufundishwa mengi, lakini somo la kungoja hakuna amfundishaye. Mimi nililipata katika kijiti cha mpera.

Mwaka 2015 mume wangu alikuwa Somalia, pamoja na askari wa Burundi waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Afrika. Nami nilibaki na watoto nyumbani Buyenzi, hapa Bujumbura. Jirani yangu, mama mtu mzima ambaye ni mshonaji, aliniona nimeshika tama. Akanikatia kijiti chenye panda, urefu wa kiganja, akakisugua kwa msasa hata kisikwaruze uzi. Wanawake wa Ulaya walitumia chombo cha namna hii tangu zamani kusukia vigwe vya kufungia nguo.

Nilinunua uzi mnene wa pamba katika soko la Ruvumera, tukaanza. Mkia wa uzi huubana kwa kidole gumba chini ya panda. Uzi wenyewe huuzungusha kwenye pembe mbili kwa mfano wa nambari nane, mara mbili, ili kila pembe iwe na vitanzi viwili. Kisha kitanzi cha chini hukivusha juu ya kile cha juu, ukakitoa nje ya ncha. Pembe zote mbili hivyo hivyo. Baada ya hapo huzungusha uzi nje ya pembe moja tu, juu ya kitanzi kilichopo, ukakivusha, ukakaza, ukageuza panda na kuifanyia pembe ya pili. Kigwe huteremka polepole.

Changu cha kwanza kilipinda. "Mwanangu," jirani akaniambia, "usivute kwa hasira wala kwa woga. Kaza kwa kipimo kimoja."

Tarehe 26 Juni mwaka ule kambi ya askari wetu huko Leego ilishambuliwa, na wengi wakauawa. Kwa siku tatu sikupata habari za mume wangu. Nilisuka tu. Katika kigwe kile pana mahali palipokazwa mno, pembamba kama waya: ndizo siku zile tatu. Nilitaka kufumua, jirani akanikataza.

Uzuri wa kazi hii ni kwamba hukati uzi mapema, kama katika msuko wa nyuzi tatu. Wasuka kutoka katika donge, nawe waweza kuendelea hata lini. Yamfaa mtu asiyejua siku ya marejeo. Ukitaka kumaliza, kata uzi, pitisha ncha yake katika vitanzi viwili, ukaze.

Mume wangu alirudi, na kigwe kile amefungia funguo za nyumba. Lakini wapo ambao waume zao hawakurudi. Mmoja wao nilimchongea panda, nikamfundisha kama nilivyofundishwa. Jioni hukaa pamoja barazani, twasuka, wala hatusemi mengi.