Samaki Walivyopanda Mlimani

Upande wetu wa Embu, kule juu ya Runyenjes ambako Mto Thuci unatutenganisha na watu wa Chuka, samaki hakuhesabiwa kuwa chakula. Hakuwa chakula cha maskini wala cha tajiri. Wazee wa Waembu na wa Wameru walimweka kundi moja na nyoka: ana magamba, hana miguu, anateleza mkononi, hafumbi macho. Nyanya yangu alikuwa hakubali mtu aliyeshika samaki aguse chungu chake kabla ya kunawa mikono kwa majivu. Tulikula githeri, mukimo, ndizi za kupikwa, na nyama siku za sherehe. Mtoto aliyetaka kumtisha mwenzake alimwambia atamlisha samaki.

Na bado samaki walikuwa mtoni, tena walikuwa na wenyewe. Walikuwa trauti, samaki ambaye hakuzaliwa huku. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya samaki hao kutoka ziwa la Loch Leven, Scotland, yakatiwa katika Mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Baadaye trauti walisambazwa katika mito baridi ya Mlima Kenya, na serikali ikawa na kituo cha kuwazalisha Kiganjo, karibu na Nyeri. Mzungu alifanya haya ili apate mchezo wa wikendi. Alitaka kusimama ndani ya maji yenye baridi ya kuuma, arushe ndoana yenye kidudu cha kuigiza, apambane na samaki mwenye nguvu. Kuvua kulihitaji leseni, na aliyetumbukiza wavu bila leseni alikuwa mhalifu. Kwa hiyo sisi tulioishi ukingoni tulikatazwa mara mbili, na mila kwanza, kisha na sheria. Mila haikutuuma sana, kwa sababu ilikuwa yetu.

Alama ya enzi hiyo ingalipo mjini Embu. Hoteli ya Izaak Walton Inn imepewa jina la Mwingereza aliyeandika kitabu maarufu cha uvuvi wa ndoana, kilichochapishwa London mwaka 1653. Wavuvi wa kizungu walilala pale, asubuhi wakaelekea Rupingazi na Thuci. Tulipokuwa vijana tulipita nje ya ua wake tukitazama maua na nyasi zilizokatwa vizuri. Hakuna aliyetuambia jina lile lilikuwa la nani. Nilikuja kulijua nikiwa mwalimu, na siku hiyo nilielewa kwamba mji wetu wa mlimani ulikuwa na hoteli ya wavuvi wakati wenyeji wake hawali samaki.

Mageuzi hayakuanzia hotelini. Yalianzia nyumba za kupanga. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na wafanyakazi wa serikali waliletwa kutoka kila pembe ya Kenya. Mwalimu mwenzangu aliyetoka Siaya alikuwa akirudi kutoka likizo na samaki waliokaushwa, wamefungwa kwa magazeti. Harufu ilijaa ploti nzima. Majirani walifunga madirisha, kisha mmoja akaja kuuliza, kisha mwingine. Mimi nililishwa kwake jioni moja ya mvua, ugali moto na samaki aliyechemshwa kwa nyanya na maziwa, na nilikula nikiogopa mifupa kuliko laana. Kesho yake nilikuwa mzima. Kwa mtu aliyelelewa kama nilivyolelewa, hilo halikuwa jambo dogo.

Halafu yalikuja mabwawa. Kindaruma lilianza kutoa umeme mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Serikali ilikuwa ikitafuta umeme wa Mto Tana, lakini nchi kame ya Mbeere ikajikuta ina maziwa. Wavuvi wa Nyanza walifika na nyavu zao, vijana wa Mbeere wakajifunza kwao, na tilapia na kambare wakaanza kupandishwa hadi soko la Embu katika ndoo na magunia yaliyoloweshwa maji. Akina mama waliowauza waliwakaanga palepale, mbele ya mteja, na nadhani mafuta yale ya moto yaliwashawishi watu wetu kuliko hotuba zote za maafisa wa lishe. Samaki aliyekaangwa akakauka hafanani tena na nyoka.

Hotuba zilikuja baadaye, na pesa zikaja nazo. Katika mwaka wa fedha wa 2009/2010, chini ya Mpango wa Kuchochea Uchumi, serikali iliamua kuchimba vidimbwi 200 katika kila moja ya maeneobunge 140. Kila kidimbwi kilikuwa na eneo la mita za mraba 300 na kiliwekwa vifaranga 1,000. Meru iliupokea mpango huo kwa mikono miwili. Kiwanda kidogo cha kusindika samaki kikajengwa Kanyakine, Imenti Kusini. Wazee waliokuwa wakitema mate wakisikia neno samaki walionekana wakimwaga chakula cha samaki asubuhi, kofia kichwani, wakiita jirani aje aone maji yanavyochemka.

Vidimbwi vingi havikudumu, na nataka kukaa hapa kidogo, maana watu wengi husema vilikufa kwa uvivu. Si kweli. Tilapia ni samaki wa joto. Akiwekwa kwenye maji ya nyuzi 25 na zaidi hunenepa. Akipelekwa kwenye ukanda wa majani chai, ambako usiku maji hupoa sana, hudumaa. Tena dume na jike wakichanganywa huzaana mpaka kidimbwi kinajaa samaki wadogo wasiofaa kuuzwa. Chakula chao kikapanda bei. Korongo na fisi maji wakajua njia. Na mkulima aliyefaulu kufikisha samaki ukubwa wa kuuza alihitaji barafu, gari na mnunuzi siku hiyohiyo, na mara nyingi hakuwa na hata kimoja. Jirani yangu mmoja alifukia chake akapanda ndizi. Wengine walivumilia, na hao waliovumilia, hasa upande wa chini wenye joto, wamebadilisha meza za Meru kuliko mtu yeyote.

Trauti kwa upande wake ni kinyume cha tilapia. Anataka maji baridi, safi, yanayokimbia, kwa kuwa maji baridi hubeba oksijeni nyingi. Maji yakipita nyuzi 20 huanza kuteseka. Ndiyo sababu kuna shamba la trauti Timau, kwenye barabara ya kutoka Meru kwenda Nanyuki, ambako vijito vya mlima hushuka vikiwa bado na ubaridi wa msitu. Kentrout ya Timau ni shamba na ni mahali pa kula: bustani, kijito, na samaki aliyetoka dimbwini akaenda jikoni bila kuona lori.

Nilimpeleka mama yangu kula trauti Timau alipokuwa ameshazeeka. Alivaa kitambaa chake cha kanisani. Mhudumu, kijana wa Kimeru, aliinama akamwambia, "Karibu, shosho. Nikutolee mifupa?" Mama alimtazama yule samaki mzima kwenye sahani, ngozi yake ya madoadoa imeiva kwa siagi, limau kando, viazi kando. Akasema, "Mtoe kichwa, mwanangu. Huku kwingine nitajitafutia." Kijana akatoa kichwa, akapitisha kisu mgongoni, akafungua nyama ya rangi ya waridi, akainua mfupa wote kwa mkupuo mmoja. Mama akaonja. Akatafuna polepole, kisha akauliza samaki huyu ametoka mto gani. Alipoelezwa kwamba maji ni ya mlima, akatikisa kichwa akasema, "Basi miaka yote hii tulikuwa tunachota maji yake na kumwacha yeye." Alimaliza sahani. Bili ilikuwa kubwa kwa pensheni ya mwalimu, na niliilipa kwa furaha ambayo bado ninayo.

Kusini mwa Nanyuki kuna mkahawa mwingine, Trout Tree, uliojengwa ndani ya mti mkubwa wa mugumo juu ya madimbwi ya trauti. Unapanda ngazi za mbao, unakaa kati ya matawi, unamwona samaki chini kabla hajaletwa juu. Mugumo ni mti ambao chini yake wazee wetu walitoa sadaka ya kondoo na kuomba mvua. Nilipoketi pale mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Sikuona kufuru. Niliona kwamba vitu viwili tulivyovitenga, kimoja kwa utakatifu na kingine kwa unajisi, vimekutana, na familia za Kiafrika zimejaa mezani na watoto wao, wakiagiza trauti wa kuchoma pale ambapo zamani tungefika kama wapishi tu.

Kinachonisumbua leo ni kingine. Katika hoteli moja ya kifahari ya mji wa mlimani niliwahi kuagiza tilapia, nikaletewa minofu laini isiyo na ladha. Nilipouliza, nikaambiwa ametoka nje ya nchi akiwa amegandishwa. Kenya huagiza tilapia wengi kutoka China, na bei yao huwashinda wakulima wetu. Sina ugomvi na mfanyabiashara anayepiga hesabu. Lakini mtu anayeketi kwenye meza yenye kitambaa cheupe, akitazama kilele cha Batian dirishani na kulipa bei ya kitalii, anastahili samaki wa maji ya mlima huo, na mkulima wa Imenti aliyelala kidimbwini akifukuza fisi maji anastahili mnunuzi.

Tena maji yenyewe yanapungua. Wakati wa kiangazi, upande wa Timau na Nanyuki, mabomba ya umwagiliaji huvuta mito hadi mingine hukatika kabla ya kufika kwa wafugaji wa chini, na vyama vya watumiaji maji hulazimika kugawa zamu. Mto ukipungua maji hupata joto, na trauti ndiye wa kwanza kufa.

Wenye hoteli za Meru, Embu na Nanyuki, wekeaneni mikataba na wafugaji wa samaki wa hapa, muwalipe kwa wakati, na muandike kwenye menyu samaki ametoka shamba gani. Serikali za kaunti, pelekeni barafu na gari la baridi kabla ya kuchimba kidimbwi kingine. Nawe msomaji, ukiketi kula samaki mlimani, muulize mhudumu samaki huyo alifugwa wapi kabla hujauliza bei. Akikosa jibu, agiza githeri.