Sekunde za Refa

Mimi ni mtu wa kandanda, kama wengi wenu mnaosoma ukurasa huu. Lakini mchezo unaonifundisha kuandika riwaya ni besiboli ya Wamarekani, tena si mpira ukiruka, bali zile sekunde kati ya mpira mmoja na mwingine.

Zamani refa alitegemea zaidi mdomo na mkono wake. Mrushaji akizubaa, anamhimiza. Mpigaji akitokatoka kwenye boksi lake kukaza glavu, anamrudisha. Wapo waliosikia, wapo walioleta ubishi. Mwaka 2022 mechi ya ligi kuu ilichukua wastani wa saa 3 na dakika 4 hivi. Mwaka 2023 ikaletwa saa ya kuhesabu: sekunde 15 vituo vikiwa vitupu, 20 akiwepo mkimbiaji, 2024 hizo 20 zikawa 18. Mpigaji awe tayari zikibaki 8, la sivyo refa anamwandikia kosa kabla mpira haujarushwa. Basi 2023 wastani ukashuka hadi saa 2 na dakika 40.

Niliposikia hayo nilishangilia. Mimi pia muda wangu ni wa kupimiwa: nauza duka la mjomba, riwaya naiandika kati ya mteja na mteja. Mjomba haachi kuuliza, "We kijana, hicho kitabu kitakwisha lini? Mwaka wa tatu huu!"

Lakini jamani, kuna jambo ambalo saa haikulifuta. Mpira ukiparuzwa na gongo ukamtwanga mdakaji, refa husimamisha mchezo. Anazunguka mbele, anainama na brashi yake ndogo, anafagia kile kibao cheupe cha chini. Hata kama hakina vumbi, anafagia taratibu, ili mwenzake apate kuvuta pumzi. Siku refa akitwangwa yeye, mdakaji naye hujifanya ana neno na mrushaji, akaenda kwa mwendo wa pole.

Mshikaji wangu mmoja wa kijiweni ameisoma sura ya saba. Mama anapokea habari za msiba wa mwanawe, kisha anachagua mchele ukurasa mzima. "Kata," akasema, "inachelewesha stori."

Nimekata kurasa kumi na moja za safari ya basi, maana pale mrushaji alikuwa anazubaa tu. Mchele nimeuacha. Yule mama ametwangwa. Mjomba na asubiri.