Kasha la Seva na Picha za Mabibi Harusi



Bibi harusi yeyote ana haki ya kumuuliza mpiga picha, kabla hajatoa hata arubuni: picha zangu za ukumbi wa wanawake zitalala wapi? Sisi tunaoandika haya ni mtu na wifi yake, asili yetu Unguja, na sasa tunaishi Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Tunapiga upande wa wanawake tu: siku ya hina, singo, kupambwa, mpaka bibi harusi anapokaa kwenye kiti chake nywele zikiwa wazi. Picha kama hizo mtu hakukupa, amekuwekea amana. Kwa hiyo haziendi kwenye hifadhi za mtandaoni wala haziachwi kwenye simu. Zinaingia kwenye seva yetu wenyewe, ndani ya nyumba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, lakini hata isingekuwepo tungefanya vivyo hivyo.

Seva isikutishe. Ni kompyuta isiyozimwa, yenye diski kubwa, na vifaa vya nyumbani vinachota kwake. Tutakayosema leo ni juu ya kasha lake, maana hapo ndipo watu hubana matumizi bila kuangalia, na kasha ndilo linaloamua nani atamgusa bibi harusi wako.

Ndiyo, tumesema nani. Diski ikiharibika, kompyuta iliyofungwa kwa ujanja hupelekwa kwa fundi, na fundi huibeba yote, na picha zote ndani. Sharti letu la kwanza basi ni kasha tunaloweza kulifungua wenyewe: kifuniko kinachoshikwa na skrubu za kuzungushwa kwa vidole, na diski zinazotoka bila kung'oa nusu ya mashine. Wenye uwezo hununua yenye droo za diski mbele, unavuta tu kama droo ya kabati. Ya bei nafuu huwa na vizimba vya ndani, diski inafungwa kwa skrubu nne. Hicho kinatosha. Vaa glavu tu, kwani bati la makasha rahisi lina kingo zinazokata, na hina mpya haipendi damu. Kufuli la mlango wa mbele usilitegemee; linazuia watoto, si mwizi. Kinachozuia mwizi ni kuzisimba diski zenyewe, zisisomeke bila nywila.

Tulitaka kasha la raki, lile linalolala, ili seva, ruta na betri ya kuhimili umeme ukikatika vikae pamoja sehemu moja. Upana wake ni wa dunia nzima, inchi 19, yaani sentimita 48 na kidogo. Urefu wa kwenda juu huhesabiwa kwa U, na U moja ni sentimita 4.4. Hapo wengi huvutiwa na kasha jembamba la 1U kwa sababu linapendeza. Feni zake ni za sentimita 4, na feni ndogo lazima izunguke kwa kasi sana ndipo isukume hewa ya kutosha. Inapiga kelele kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Nyumba yetu seva imepakana ukuta mmoja na chumba cha kulala, na mume anayeamka alfajiri hastahili hilo! Kasha la 4U hupokea feni za sentimita 12, zinazunguka polepole, na linakubali pawasaplai ya kawaida ambayo ikifa unapata nyingine kwa urahisi. Tumelichagua hilo.

Ila tahadhari, dada. Kompyuta nyingi za mtumba za ofisini, za Dell na HP, zina madabodi na pawasaplai za maumbo yao wenyewe. Ukifikiri utahamisha matumbo yake kwenye kasha jipya, matundu hayatalingana. Tafuta dabodi ya kipimo cha ATX, sentimita 30.5 kwa 24.4, au ndogo yake ya 24.4 kila upande.

Mwenye kasha akikutajia bei, muulize kina. Kuna makasha mashuhuri kwa unafuu, kwa mfano Rosewill RSV-L4500 yenye nafasi 15 za diski, lakini lina kina cha sentimita 63 na zaidi. Mizigo ya ndege hutozwa kwa ukubwa pale boksi linapokuwa kubwa kuliko uzito wake: zidisha vipimo vyake vitatu kwa sentimita, ugawe kwa 6000. Boksi la 75 kwa 55 kwa 27 linahesabiwa kilo 18 na nusu, hata kama ndani ni bati tupu. La 55 kwa 55 kwa 27 linashuka hadi kilo 13 na nusu. Basi tukachukua fupi, lenye nafasi nane, maana diski zetu ni tatu.

Halafu vumbi. Simiyu ni nchi ya pamba, na kiangazi malori yanapopita, hata kikombe ulichokifunika unakikuta na unga. Kasha liwe na feni nyingi za kuingiza hewa kuliko za kutoa, ili hewa itoke kwenye nyufa badala ya vumbi kuingilia humo. Mbele tumevuta kipande cha soksi ndefu ya nailoni, ile tunayovaa chini ya gauni, tukaibana kwa bendi. Inaoshwa kila Ijumaa pamoja na nguo nyeupe. Kuna sponji za kununua, lakini hii imo kwenye sanduku la kila bibi harusi.

Raki yenyewe hatukununua. Tumemwambia seremala atutengenezee meza, nafasi kati ya miguu sentimita 45 kamili, na kasha linakaa juu ya ubao wa chini kwa uzito wake. Reli za chuma za kuvuta mara nyingi huuzwa kando, na kwa nyumba ya kawaida huzihitaji. Seremala aliuliza ni kabati la nini. Wifi akamjibu, "La amana, baba." Akapima tena, na hakuuliza zaidi.