Shaka na Wasiwasi

Kiswahili kina maneno mawili ambayo aghalabu hutumiwa kana kwamba ni pacha: shaka na wasiwasi. Mwenye shaka hajui, naye hutaka kujua. Mwenye wasiwasi amekwisha kujua, lakini moyo wake haukubali kutulia. Watu wa pwani huielewa tofauti hiyo tangu chuoni, kwani hakuna mtaa usio na mtu anayetawadha mara tatu kwa sala moja, kila mara akidhani kuwa kisigino hakikupata maji. Wanazuoni wa fikihi walimwekea kanuni fupi: yakini haiondolewi na shaka.

Kanuni hiyo ilipata kazi isiyotarajiwa huko Kiwangwa, katika barabara ya kutoka Bagamoyo kwenda Msata, ambako mananasi hupangwa kando ya njia yakiwangoja wasafiri. Mkulima mmoja wa makamo alifiwa na mwanawe, na baada ya arubaini usingizi ukamhama. Rafiki yake wa Dar es Salaam, aliyezoea kwenda kwenye hekalu la Kibudha la Upanga, lililoasisiwa na Wasinhala wa Sri Lanka mwanzoni mwa karne ya 20, alimfundisha taamuli iitwayo vipassana, yaani kuyaona mambo kama yalivyo. Aketi, anyamaze, aitazame pumzi inapogusa tundu za pua. Fikra ikija, aijue kuwa ni fikra, kisha arejee. Hakubadili dini, wala hakutakiwa kubadili. Alisali isha, akaketi, na kwa miezi kadhaa alilala.

Kisha akapata kitabu kilichomwambia aiache pua, atazame tumbo linavyopanda na kushuka. Utulivu ukavunjika. Akiwa puani, alidhani ukweli uko tumboni. Akihamia tumboni, alijiona ameuacha mlango aliofunguliwa kwanza. Usingizi ukatoweka tena, na safari hii aliamini kwamba hata dawa ameiharibu kwa mkono wake.

Swali lake lilikuwa la haki, na wakubwa walilibishania kabla yake. Njia ya pua ilienezwa duniani na S. N. Goenka (1924–2013), mfanyabiashara mzaliwa wa Mandalay, Burma, ambayo sasa ni Myanmar. Mwalimu wake, U Ba Khin (1899–1971), alikuwa mhasibu mkuu wa serikali. Njia ya tumbo ilienezwa na Mahasi Sayadaw (1904–1982), mtawa wa nchi hiyo hiyo. Ilipofika Sri Lanka katika miaka ya 1950, ilipingwa na baadhi ya watawa wa Colombo, wakidai kuwa haina msingi katika maandiko. Watetezi wake walijibu kwamba mwendo wa tumbo ni upepo, mojawapo ya asili nne za mwili, na kuzitazama asili hizo kumefundishwa tangu kale.

Na maandiko yenyewe? Satipatthana, hotuba ya Buddha juu ya misingi ya uzingativu, yamtaka mtu aijue pumzi ndefu kuwa ni ndefu na fupi kuwa ni fupi. Hayataji pua wala tumbo. Buddhaghosa, aliyeandika Visuddhimagga huko Sri Lanka katika karne ya 5, ndiye anayetoa mfano wa mpasua mbao: jicho lake haliandami meno ya msumeno yanayokuja na kurudi, bali hukaa pale yanapogusa mti, na bado anajua kwamba yanakwenda. Huyo huyo alimshauri mwanagenzi azihesabu pumzi, zisipungue tano wala zisizidi kumi, kisha aache hesabu atakapotulia. Hesabu ni mkongojo, na mkongojo una siku ya kuwekwa chini.

Hotuba hiyo yataja pia vizuizi vitano vya moyo: tamaa, chuki, uzito wa usingizi, mahangaiko yenye majuto, na cha tano ni shaka. Mtu atakiwa aijue ipo inapokuwapo, na aijue haipo inapoondoka. Basi nayo hutazamwa kama pumzi. Lakini msomaji asidhani kwamba kila muulizaji anyamazishwe kwa jibu hilo. Swali la shaka hukoma likijibiwa; la wasiwasi, kila jibu hulizalia jingine. La kwanza lapelekwa kwa mwalimu. Na ambaye kuketi kwamzidishia hofu au kumnyima usingizi, hana budi kupumzika na kumwona tabibu.

Mkulima alirudi puani, akajipa mwezi mmoja asiugeuze. Wasiwasi ulipokuja aliutaja kwa jina lake, akarejea. Katika juma la tatu kikaja kingine, kilichokuwa kimejificha nyuma ya pua na tumbo: homa ya mtoto ilipoanza, je, alichelewa kwa siku moja kumpeleka hospitali?

Swali hilo halina mtawa wa kulijibu, wala kanuni ya fikihi. Ubishi wa pua na tumbo ulikuwa umemfaa kwa kulifunika, kwa kuwa kosa la kupumua laweza kusahihishwa kesho. Usiku huo hakutafuta njia nyingine ya kukaa. Alilia, pumzi ikawa fupi, naye akajua kuwa ni fupi.