Ukuta wa Siena

Nimekuwa kimya wiki mbili, wasomaji wangu. Nilikuwa Siena, Italia, bila tarakilishi. Nilikuwa naikimbia programu iliyonila miaka mitatu na haijakamilika.

Kumbe nimeikimbilia! Mwaka 1339 watu wa Siena walianza kulipanua kanisa lao kuu, hata lile la zamani liwe bawa tu la jipya. Mwaka 1348 tauni ikaingia, watu wakafa kwa maelfu, ujenzi ukasimama. Leo umebaki ukuta mrefu, Facciatone, usio na kanisa nyuma yake. Nilipanda ngazi zake nyembamba. Huko juu unauona uwanja wa Piazza del Campo, umbo lake kama kombe, na vilima mbali.

Kesho yake nikachukua basi kwenda Chianti, kaskazini. Mizabibu mistari kwa mistari! Chupa za Chianti Classico zina nembo ya jogoo mweusi, na angalau asilimia 80 ya zabibu lazima ziwe Sangiovese. Mzabibu mchanga husubiriwa kama miaka mitatu kabla haujatoa zabibu za mvinyo. Halafu kila mwaka hupogolewa, nguvu zisiishie kwenye matawi.

Miaka mitatu! Wangu umetoa matawi matupu.

Basi nimerudi Nairobi, nimepogoa. Yale makubwa niliyowaahidi hapa nimeyafuta, mniwie radhi. Limebaki toleo dogo la kwanza, ambalo lilifanya kazi tangu mwanzo. Hata Siena, wanasali katika kanisa lile lile la zamani.