Ziwa la baba ndani ya kompyuta

Najua nimepotea siku nyingi. Nilikuwa natengeneza Kisumu.

Kwa wasiojua, kuna programu za kuigiza urushaji wa ndege, na X-Plane ni mojawapo. Ukiinunua unapata dunia, ila nyumba na miti yake mingi kompyuta inaipanga kwa kukisia. Ukitaka kijiji chenu kionekane chenyewe, unaongeza mandhari. Mimi nilitumia Ortho4XP, programu ya bure inayotandika picha za satelaiti juu ya vipimo vya miinuko. Vipimo nilivyotumia vilichukuliwa na chombo cha Endeavour kutoka angani, Februari 2000, katika safari ya siku 11 tu.

Kazi hufanywa kwa vipande vya digrii moja kwa digrii moja. Hapo ndipo Kisumu inaposumbua. Ikweta inapita Maseno, kaskazini kidogo ya mji, kwa hiyo lazima utengeneze vipande viwili na kuviunganisha. Mara ya kwanza nilichanganya picha za vyanzo viwili: kusini kijani, kaskazini kahawia, katikati mstari kama umepigwa rula. Ikweta ya kuonekana kwa macho! Nilicheka, kisha nikaanza upya.

Nilikuwa namtengenezea baba. Alivua samaki Dunga miaka mingi. Sasa anakaa kwangu Nairobi, na magoti hayamruhusu safari ndefu. Jumapili nikamketisha mbele ya skrini. Tukaingia kutoka kusini-magharibi juu ya Ghuba ya Winam, uwanja wa ndege mbele yetu, milima ya Nandi kule nyuma.

Nilingoja asifu. Akaweka kidole kwenye doa kubwa la kijani karibu na ufuo, akauliza, "Hii ni siku gani?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwamba lile ni gugumaji, na gugumaji halitulii. Upepo ukigeuka, linahama. Kweli, satelaiti ilipiga picha siku moja, nami nikaigandisha. Nikamwambia nitalifuta, ziwa libaki buluu.

"Usifute, kijana wangu. Mtu ataona maji safi na mashua ziko nchi kavu, adhani tulikuwa wavivu."

Sijalifuta. Sasa nakusanya picha za Sentinel-2, satelaiti za Ulaya zinazorudi mahali pamoja kila siku 5 hivi, na picha zake ni za bure. Pikseli moja ni mita 10: mashua huioni, lakini gugumaji unaliona vizuri. Nataka baba aweze kuchagua siku.

Ameshachagua. Anataka 1998, gugumaji lilipoifunika ghuba kuliko wakati mwingine wowote aliouona. Sentinel-2 ya kwanza ilirushwa 2015, kwa hiyo nimehamia kwenye maktaba ya Landsat, pikseli za mita 30. Shida yangu sasa ni mawingu. Niombeeni nipate siku moja ya mwaka huo ambayo anga ya Kisumu ilikuwa wazi.